Nyumba Yetu Juu ya Mti wa Kampuni

Kwako Kiplangat, uliyekuwa rafiki yangu wa juu ya mti,

Dada yako Chebet alinikuta Roret siku ya soko, nami nikiwa nimetoka tu kuripoti katika shule ya upili niliyopangiwa kufundisha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akacheka, akasema nimekonda kama wasomi wote, kisha akanipa ujumbe wako. Unaoa mwezi huu. Unataka nisimame kando yako kanisani. Unataka nije na dada yangu Atieno. Na kuhusu yale ya zamani, uliniagizia maneno machache tu: "Tulikuwa watoto, Odhis."

Nimeyapima maneno hayo tangu siku ile. Unanijua: sijawahi kuipokea hoja kabla ya kuigeuza na kuitazama upande wake wa nyuma. Basi nitakujibu kwa utaratibu, nikianzia pale ambapo wewe na mimi hatuna ubishi.

Hatuna ubishi kwamba tulijenga. Ng'ambo ya mto uliopakana na shamba la baba yako, kampuni ya chai ilikuwa imeacha ukanda wa msitu chini ya mashamba yake ili kingo zisibomoke, na ndani ya ukanda huo ulisimama ule mti mnaouita lamaiwet, wenye matunda yaliyotupaka ndimi rangi ya wino. Wewe ulitokea upande wa mashamba ya wenyewe. Mimi nilitokea upande wa laini, katika zile nyumba za wafanyakazi zilizofanana hata mlevi akaingia kwa jirani na kudai chakula. Mbao tuliziokota nyuma ya kiwanda, kwenye lundo la masanduku ya chai yaliyovunjika yakingoja kuchomwa kwenye boila. Wewe ndiye uliyeliona lundo hilo kwanza. Wewe ndiye uliyeubeba ubao wa kwanza kichwani, umeinama katikati ya michai, nami nikitangulia kuangalia kama askari wa kampuni yuko njiani. Misumari tuliing'oa katika mbao hizohizo tukainyoosha kwa jiwe. Kamba ilikuwa ya ndama wa mama yako, na ndama huyo alipokwenda kula mahindi ya watu, ulichapwa bila kusema kamba iko wapi. Siku hiyo niliamini kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kutunza siri kuliko wewe.

Atieno alitufuata wiki chache baadaye. Alisimama chini ya mti, mikono kiunoni, akatoa masharti yake: "Mnipandishe, ama niende niseme." Wewe ndiye uliyeteremka ukampandisha mgongoni.

Unaikumbuka kesi ya ardhi? Mvua ilikuwa imetufungia juu, nasi tukaanza kubishana ni nani mwenye haki ya kukaa pale.

"Hapa ni kwetu," ulisema. "Papa ya papa yangu alichunga ng'ombe hapa kabla chai haijakuja."

"Papa ni samaki!" Atieno akapiga kelele. "Mwalimu alisema ni samaki mkubwa, anakula watu!"

Ukamtolea meno, naye akajificha nyuma yangu akicheka hadi akakohoa. Mimi sikukubali kesi iishie hapo. Nikauliza ni nani anayefanya hiyo chai iwe chai, kama si baba yangu na wenzake waliotoka ziwani, wanaoisindika na kuipakia usiku na mchana. Tukazozana hadi sauti zikakauka. Ndipo Atieno akaamua.

"Nyinyi mnaongea tu. Mimi ndiye nimekalia."

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, Kiplangat, vya historia na vya sheria, na nimewasikia maprofesa wakiijadili ardhi ya nchi hii hadi kengele ikalia. Sijasikia bado hoja iliyosimama wima kuliko ile.

Kisha ikaja Desemba, nawe ukaingia menjo, kibanda cha jando, pamoja na vijana wa rika lako kupashwa tohara. Nilijua kwamba utatoka ukiwa mtu mzima, na nilikuheshimu kwa hilo. Tulipokuwa tukikungoja, mimi na Atieno tulilifunika paa kwa karatasi ya nailoni ili usinyeshewe tena upande wako. Siku uliyotoka tulikutana nawe njiani, ukiwa na wenzako, umevaa koti jipya na kofia. Atieno alikukimbilia.

"Kiplangat! Paa halivuji tena!"

Ulitazama juu ya kichwa chake kana kwamba kuna mtu mrefu zaidi nyuma yake. Ukawaambia wenzako jambo kwa Kikipsigis, wakacheka. Nilipokuuliza umesema nini, ulinijibu kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa: "Rudi laini, ng'etet. Mimi siongei na ng'etet."

Nililifahamu neno hilo: kijana asiyetahiriwa. Kwa Mkipsigis ni kizingiti tu, ambacho kila mvulana atakivuka msimu wake ukifika. Kwa mtoto wa watu wasiotahiri, neno hilohilo ni hukumu isiyo na rufaa. Hata niwe na mvi, hata niwe na shahada, kwa kipimo chako ningebaki mtoto. Nawe ulilitamka mbele ya wanaume wapya katika miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, masoko yote ya Kericho na Bomet yalipokuwa yameanza kuulizana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Hukuwa mjinga. Ulijua ulikuwa unasimama upande gani.

Hata hilo ningelisamehe. Ni lile la darajani nisilolisamehe.

Nailoni yetu iling'aa juani, na askari wa kampuni wakaiona kutoka kule juu kwenye mashamba ya chai. Walipoibomoa nyumba wakakuta muhuri wa kiwanda kwenye mbao. Wakazibeba hadi darajani, wakanikamata, na nyapara akaanza kuuliza. Wewe ulikuwa ukipita na wenzako. Nilipokuona nilishusha pumzi, Kiplangat. Nilidhani nimeokoka.

"Hii nyumba ni ya nani?" nyapara alikuuliza.

"Ni ya watoto. Mimi si mtoto."

"Na hizi mbao?"

"Ni za papa yake. Yeye hufanya kazi pale kwa kupakia. Anazitoa kwa kiwanda."

"Umeona na macho yako?"

"Nimeona. Mimi sasa ni mwanaume, siwezi kudanganya."

Nyapara aliridhika na sentensi hiyo ya mwisho kuliko zote. Mzee mmoja pale darajani hata alitikisa kichwa kukusifu. Baba yangu alipoitwa ofisini aliwaomba waende wakaulize watu wa boila, ambao walikuwa wakizichoma mbao kama zile kila wiki. Hakuna aliyekwenda. Tayari walikuwa na neno la mwanaume. Baba alifukuzwa kazi, na mfanyakazi aliyefukuzwa hana nyumba katika laini. Siku iliyofuata vitu vyetu vilikuwa nje kwenye nyasi, vimelowa umande, na jirani aliyengoja nyumba hiyo kwa muda mrefu alikuwa amekwisha kuleta kitanda chake.

Tulihamia kwa babu, chini kando ya ziwa, mahali ambapo mimi na Atieno hatukuwahi kuishi hata msimu mmoja.

Sasa nakuja kwenye hoja yako, kwamba tulikuwa watoto. Inavutia, na ni fupi, na ina faida ya kutomgharimu chochote anayeitoa. Lakini haiwezi kuwa yako. Mimi nilikuwa mtoto. Wewe mwenyewe ulinitangazia hivyo njiani. Atieno alikuwa mtoto. Pale darajani alikuwapo mwanaume mmoja aliyetoa ushahidi, ushahidi wake ukapokelewa kwa sababu ya uanaume wake, na watu wanne wakaondolewa makwao kwa ushahidi huo. Huwezi kuuvaa utu uzima asubuhi ya kushitaki na kuuvua jioni ya kuulizwa. Kama ulikuwa mtoto, basi tohara yako haikukuvusha popote, na nenda ukawaambie hivyo wazee waliokutoa menjo. Kama ulikuwa mwanaume, basi ulikuwa mwanaume mwongo. Chagua. Mimi nimezitafuta njia zote za kukutafutia jibu la tatu, kwa kuwa nilikupenda, na sikulipata.

Nasikia umefanikiwa. Una chai yako mwenyewe, una ng'ombe wa gredi, na watu wa kituo cha kununulia majani wanakusikiliza ukisema. Sikuonei wivu. Nimeipita nyumba yako nikaona maua uliyoyapanda langoni, nikafikiri kwamba mke wako atapata bwana mchapakazi. Hayo yote yanaweza kuwa kweli, na bado nisije.

Ulitaka nije na Atieno. Atieno alizaliwa katika baridi ya Kericho. Damu yake haikuwa imekutana na mbu. Malaria ilimkuta kule chini katika masika ya kwanza, na kabla mahindi ya mwaka huo hayajabeba, tulikuwa tumemzika nyuma ya nyumba ya babu. Katika homa alikuwa akituita mimi na wewe tumpandishe. Alilitaja jina lako zaidi kuliko langu. Baba alikuwa amekaa hapo kitandani akisikia, na tangu siku hiyo hajawahi kulitamka.

Chebet aliponiuliza pale sokoni kama Atieno hajambo, nilimjibu kwamba hajambo na kwamba amekua. Alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, na hajanikosea kitu. Sikuona sababu ya kumliza mbele ya watu. Mama anajua kwamba ninakuandikia. Amenisihi mara mbili: "Ngoja arusi ipite, mwanangu. Msichana wa watu ana kosa gani?" Mama ana haki, kama kawaida yake. Msichana huyo hana kosa lolote.

Hata hivyo sikungoja. Barua hii naipeleka leo, ikufikie kabla ya siku hiyo, ili uende nayo kanisani. Mchungaji atakapokuuliza swali lake, nawe ukafungua kinywa kujibu kama mwanaume, nataka uwe unajua.

Ubaki na yako.

Mimi,
Kaka yake Atieno