Kaimu wa Miaka Tisa

Mama Nekesa,

Leo nimekataa kutia sahihi, na tangu mchana mikono yangu haijatulia. Nimefua leso iliyokuwa safi. Nimefagia nyumba mara mbili. Sasa nakuandikia wewe, kwa sababu hapa Kabiria sina mwingine wa kumwambia.

Bosi aliniita akanipa barua. Ati nishike nafasi yako pale chumba cha kufulia, hospitalini Parklands, niwe Kaimu Msimamizi. Kaimu! Neno lile lile. Wewe ulilibeba miaka tisa. Wagonjwa wote walilalia shuka zako. Vijana wawili wa kiume uliowafundisha mashine wakapewa usimamizi kamili kwenye matawi mengine, na wewe kila mwaka bosi anakuuliza kama kweli utaweza na hao watoto wako wanne. Ukitoka ofisini kwake unakaa juu ya kikapu cha mashuka, unanimiminia chai kwenye kifuniko cha themosi, unasema, "Tuvumilie, Mwende, barua iko njiani." Mimi nilikuamini. Aki wacha niseme ukweli: siku hizi hilo neno linanikasirisha, na wewe unanikasirisha, halafu nakukosa mpaka kifua kinauma.

Lakini kuna jambo hukuliona. Siku tulipokuzika kule Bungoma, bosi alishika kipaza sauti akasema ulikuwa Msimamizi wetu hodari. Si kaimu. Hata kile kijitabu cha mazishi, ile sehemu iliyoandikwa na ofisi, kinasema hivyo chini ya picha yako, ile ya kitambaa cha bluu. Ulipandishwa cheo ukiwa kwenye jeneza, na watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje ya hema nikalia kwa hasira.

Kijitabu hicho kimekaa ndani ya Biblia yangu miezi hii mitatu. Leo nilienda nacho. Nilikiweka juu ya barua yake, nikaweka kidole chini ya jina lako, kwenye neno Msimamizi. Usidhani nilikuwa jasiri. Nikamwambia, "Mimi nataka kuitwa hivi nikiwa hai."

Alisoma. Akaangalia dirishani. Kisha akasema niende, atanijibu Ijumaa, na kwamba wako wengi wanaoitaka hiyo kazi. Huenda akampa mwingine. Huenda wiki ijayo hata mlangoni nisiruhusiwe. Nina mtoto pia, na bosi anajua. Nakaa, nasimama, najiuliza kama nilikuwa na akili zangu.

Kuna msichana mpya, Atieno. Namfundisha kukunja pembe za shuka kwa kiganja, si kwa vidole, kama ulivyonifundisha. Jana aliniuliza kama hapa kwetu mwanamke hupanda cheo. Kesho nitamwonyesha kijitabu chako nimweleze yote. Nipate kazi au nifukuzwe, sitamwambia kamwe kwamba barua iko njiani. Hilo nakuahidi.

Lala sasa, Mama Nekesa. Umengoja vya kutosha.

Mwende wako