Jina la Marigu Halibadilishwi

Mke wangu Marigu,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Gachoka, nyumbani kwako. Nakuandikia kwa sababu umeshtakiwa ukiwa kaburini, na sijaona mwingine wa kukutetea ila mimi.

Baada yako, Njeru wetu alijaliwa binti. Ni mzaliwa wake wa kwanza, kwa hiyo kwa desturi yetu jina halikuhitaji kikao: ni Marigu, kama wewe, mama wa baba yake. Nami, kama ilivyo ada, nikawa namwita mke wangu. Hakugeuka. Sufuria ikaanguka nyuma yake, hakushtuka.

Ndipo mama mkwe wa Njeru alipofika, akanywa chai yetu, akasema, "Baba Njeru, usinielewe vibaya. Jina huja na mwenyewe mzima mzima. Huyu mama amerudi na masikio yake mabovu. Mpeni mtoto jina lingine mapema." Nilimjibu kwamba mtu hashtakiwi asipokuwepo. Akacheka: "Haya basi, wakili, mtetee." Njeru alitazama chini, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilikumbuka tulivyokuwa tukipura ndengu, nawe umenipa kisogo, nami nikikurushia punje moja begani ili ugeuke, kwa kuwa jina lako lilikuwa halikufikii tena. "Mimi si kuku wako," ulikuwa ukisema. Usaha ulikula masikio yako kidogo kidogo, miaka mingi, nasi tukipewa matone, tukirudi, tukipewa matone. Mpasuaji wa masikio hakuwapo karibu nasi. Tulipompata, uchafu ulikuwa umepenya hadi ubongoni, na wewe... Naomba niishie hapo katika jambo hilo.

Wakumbuka nilivyokuwa nikisoma ombi letu kwa wakubwa, la kuletewa daktari wa masikio, nawe umeweka kiganja kifuani pangu ili usikie kwa mkono? "Hapo umekaripia, Baba Njeru. Punguza, utafungwa." Nilipunguza. Niliendelea kuandika hata baada ya kukuzika. Leo nakuarifu kwamba daktari wa masikio sasa huja Embu, na kiwambo cha sikio kilichotoboka kinazibwa papo hapo. Wanawake wenye usaha kama wako wanarudi makwao wakisikia. Nafurahi kwa ajili yao. Siku nyingine nashindwa.

Daktari huyo ndiye aliyempima Marigu mdogo. Nilimwuliza mbele ya Njeru, kwa maneno niliyoyaandaa njiani, kama maradhi ya bibi yaweza kupitia katika jina. Hakucheka. Alieleza kwamba tatizo lako lilikuwa kidonda kilichokupata ukubwani. La mtoto liko ndani kabisa ya sikio, tangu kuzaliwa. Ni magonjwa mawili yasiyojuana. Nilimtazama Njeru. Alikuwa analia, Marigu.

Basi umeachiliwa huru. Mtoto hajaachiliwa. Yeye anahitaji kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji, nacho hupandikizwa Nairobi, na foleni yake ni ndefu, na gharama yake inalipita shamba letu. Nilimwambia daktari nitaandika. Akasema, "Andika, mzee, lakini ubongo wa mtoto hausubiri barua. Akichelewa sana, kifaa kitampa kelele, hakitampa maneno."

Nimeandika. Nimejibiwa kwamba ombi limepokelewa. Nimeandika tena. Mtoto sasa anakimbia, anavuta kuku mikia, anacheka bila kujua kwamba anacheka kwa sauti. Bibi yake yule bado anamwita "mtoto" tu, asije akalitamka jina.

Pumzika, Mama Njeru. Mimi nimebaki na kazi, nami nakuahidi kuifanya kwa adabu, bila kukaripia, hadi mkono wangu ukatae kalamu. Jina lako haliguswi. Nimekwisha kuwaomba Njeru na mkewe kwamba, siku kifaa kitakapowashwa, wote wanyamaze kwanza, ili neno la kwanza kumwingia sikioni liwe Marigu.

Na kama siku hiyo itachelewa mno, nitamrushia punje ya ndengu begani. Atageuka. Nami nitalitamka hivyo hivyo, akinitazama.

Ni mimi mumeo,
Baba Njeru