Daftari Moja la Karakana

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Huku wazima, magoti tu yananisumbua. Dada yako ameacha kuja karakana. Nilimwambia ni mvivu, maana wiki nzima ametengeneza vyerehani bila kuandika hata mstari kwenye lile daftari la kompyuta ulilotutengenezea. Akaapa kwamba ameandika. Nikafungua mbele yake, hamna kitu. Aliweka bisibisi mezani akaondoka. Nakutumia folda nzima ujionee, kisha umwambie arudi. Bila yeye nafunga karakana.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na magoti. Mimi mzima, ila barua yako imeninyima raha. Dada aliandika. Daftari lile lote ni faili moja, na anayehifadhi mwisho humfuta mwenzake. Wewe ulilifungua Ijumaa ukaliacha wazi, yeye akahifadhi Jumamosi, nawe ukahifadhi Jumatatu juu ya kazi yake. Kwenye nakala za akiba nimekuta kurasa zake kumi na saba. Nililijua tatizo hili tangu mwanzo nikapuuza, nisamehe.

Nakutumia kompyuta ndogo, haizidi kipande cha sabuni. Ichomeke kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, iwe seva yenu hapohapo. Daftari litakaa humo, na kila mtu ataandika kutoka meza yake bila kumfuta mwingine. Kurasa za Dada nimezirudisha. Kumrudisha yeye ni kazi yako.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Unaendeleaje? Samahani kwa kimya. Seva niliiwasha siku ileile, lakini kwenda kwa dada yako kulinichukua wiki tano. Niliona aibu. Alinisimamisha mlangoni. Nikamwambia, "Nilikuita mvivu, kumbe kazi yako nimeifuta mimi. Nisamehe." Akauliza, "Umezisoma kurasa zangu?" Nikasema zote, na kwamba ile mashine ya mshona viatu iliyonishinda miaka miwili, yeye ameiweza. Akanipisha niingie.

Jumatatu alirudi. Anaandika dirishani, nami nasoma mezani kwangu. Jana ameongeza ukurasa uitwao "Baba", umepangwa kama wa cherehani chochote. Hitilafu: hasikilizi. Mahali pa tiba ameacha wazi.

Nimekaa na ukurasa huo asubuhi nzima, mwishowe nikaandika hapo: "Mwambieni tena. Safari hii atasikia."

Baba yako