Bareti mbili za mapasa wangu

Mama Nathalie mupendwa, mushauri wetu, pokea salamu toka Kasuku, naomba unisaidie mawazo maana nyumba yangu imenyamaza. Niko na mapasa, watoto wawili wa mimba moja, Salama na Ayoubu, wakati wa vita niliwabeba wadogo tukikimbilia pori la Kailo, nilikuwa na kikwembe kimoja tu cha kujifunga nikakipasua katikati, kila mumoja kipande chake, kwa sababu kwetu mapasa ukimupa mumoja na mwenzake ukamunyima, huyo anagonjwa, na mimi sikutaka kuzika mutoto njiani, basi tangu siku ile ninagawa hivyo, hata ordinatere, zile kompyuta, niliwatafutia za namna moja, Ayoubu anaandikia watu barua, Salama anatengeneza video za ndoa.

Sasa mujomba wao wa Lubutu ametuma bareti mbili za memwari, vile vibao vidogo vya kufanya ordinatere ibebe kazi nyingi, zinafanana kabisa, akasema, "Ni za Salama, ziingie pamoja." Mimi kusoma sikusoma sana, nikaogopa, nikamupa kila mumoja moja. Salama akaniambia, "Mama, hizi zinatembea mbili mbili, umezitenganisha." Ayoubu akamujibu, "Mama alishagawa, sitoi. Wewe njo ulitangulia kuzaliwa, unataka kutangulia kwa kila kitu." Leo wiki ya tatu hawasalimiani, wanakula sahani moja macho chini. Ni lazima bareti zifanane na zikae pamoja? Na nikimuondolea Ayoubu yake, hatapata mabaya?

Mama Mwanahamisi

Mama Mwanahamisi, habari ya kikwembe nimeisoma mara mbili. Porini ulifanya vizuri. Kwa bareti ulikosea.

Nimemuuliza Abdoul, fundi wa ordinatere. Anasema si lazima zifanane. Zikiwa za aina ambayo mashini inakubali, kubwa na ndogo kwa kawaida zinafanya kazi pamoja, hakuna kitakachoungua. Ila mashini iko na njia mbili za kupitishia kazi. Bareti mbili zinazolingana zinatumia njia zote mbili, na mwendo unaongezeka. Ukichanganya, ile sehemu inayozidi inabaki kwa njia moja, na mashini nyingine zinaacha kabisa njia ya pili. Ayoubu na barua zake hatasikia tofauti. Salama na video zake atasikia. Kwa hiyo umechelewesha kazi ya mutoto ili moyo wako wewe utulie.

Sasa sikiliza. Ordinatere zao ni za namna moja, basi nafikiri na bareti za zamani zilizokuwa ndani, moja kwa kila mashini, zinafanana. Fundi azitazame kwanza. Mbili mpya ziende kwa Salama, mbili za zamani kwa Ayoubu. Hawatakuwa sawa, lakini kila mumoja atakuwa na mbili zinazoelewana.

Usimutume Salama kuomba. Nenda mwenyewe kwa Ayoubu, ukae, umwambie ulikosea na uliogopa nini. Mueleze habari ya kikwembe. Nafikiri hajawahi kuisikia.

Na kesho akiumwa kichwa, mupeleke kwa dokta. Bareti usiguse.