Nyasi za Ndani ya Nyumba

Jumamosi. Mvua ya kwanza imepiga tangu alfajiri, imekatika asubuhi. Ardhi inanuka vizuri. Mimi sina raha.

Mgomba mwingine umelala leo. Si upepo. Nilikuwa napita, nikaushika tu, ukaanguka na mkungu wake mchanga. Nikapasua kitako kwa panga. Ndani matundu matundu, meusi, fukusi wanatembea kama wako kwao.

Hiki ni kibanja cha baba yangu, hapa Kagoma. Migomba, mibuni katikati, maharage chini. Mke wangu Koku amelala humo humo, upande wa mibuni. Kwetu ndivyo tunavyozika. Kibanja kikienda kwa mtu mwingine, na kaburi linaenda.

Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Kaka yangu mkubwa alikuja juzi. Yeye ndiye anasemea ukoo. Akazunguka, mikono nyuma, hata kukaa hakutaka. Akasema kibanja kinageuka kikamba, shamba lililokufa, na ukoo hauwezi kukaa unaangalia. Yuko mtoto wa baba mdogo anaoa, hana mahali. Nikamwambia Koku yumo humu.

"Mdogo wangu, najua yumo," akasema. "Lakini watu hawali kaburi."

Akaondoka, mikono bado nyuma.

Kesho akitoka kanisani anarudi kuangalia. Shauri lake ni moja, nichome takataka zote. Bwana shamba alipopita alisema takataka zitoke kwenye mashina kwa sababu fukusi wanazalia humo. Majirani wa juu wakasikia zitoke, wakachoma zote, kibanja chao kikabaki kitupu kama uwanja wa shule. Kaka anataka changu kiwe hivyo. Lakini leo mvua ikinyesha nimeona maji yanashuka kutoka kwao, mekundu, yanapita mlangoni kwangu kwenda mtoni. Ule ni udongo wao. Hautarudi.

Mimi nilikuwa kibarua Bukoba mjini, nabeba magunia ya kahawa kwenye ghala la tajiri mmoja. Nyumbani naja mwisho wa mwezi, kwa miguu. Nakuta ndizi, nakula, narudi. Sikuuliza zinatoka wapi. Kukata nyasi rweya, kule uwandani, na kuzibeba kichwani, ni kazi ya wanawake. Samadi, majivu, maganda, vyote Koku alikuwa anapeleka mwenyewe, na mahali pake anapajua mwenyewe.

Alipokufa nikaacha magunia nikarudi. Nikasema nitafanya kama yeye. Nikaenda rweya na mundu. Wanawake njiani wakacheka, mmoja akaniuliza naolewa lini. Nikabeba hivyo hivyo. Nyasi mbichi, na vigogo vya migomba niliyovuna, nikasukumia kila shina mpaka shingoni. Nikadhani nalisha migomba. Kumbe nawatandikia fukusi kitanda.

Ningemuuliza nani? Aliyemfundisha Koku ni mama yake. Na mama mkwe kwetu husogelei. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kwa hiyo nimekaa na swali langu, na mwenye jibu anakaa ng'ambo ya bonde, moshi wa jiko lake nauona.

Leo mvua ilipokatika alikuja kaburini. Nikamsikia, nikajificha nyuma ya nyumba, ndiyo adabu. Halafu nikasikia anaongea. Nikachungulia. Anaongea na mgomba.

"Wewe mgomba, nani kakufunga blanketi shingoni? Unaumwa homa?"

Nikarudisha kichwa nyuma ya ukuta.

"Nakuuliza wewe. Aliyekufunga yuko wapi? Au naye ameliwa na fukusi?"

Basi nikatoka. Nikasimama migomba mitatu mbali naye, nikampa mgongo. Yeye naye amenipa wake. Na mimi nikatafuta mgomba wangu wa kuongea nao. Nikauambia aliyeifunga migomba blanketi hakujua, na leo hii anachoma nyasi zote, kaka yake amesema.

Akacheka. Kifupi tu, lakini kicheko cha Koku kabisa. Kimeniingia hapa kifuani mpaka sasa hakijatoka.

"Mwambie achome na nyumba," akauambia mgomba wake. "Akishachoma chakula cha ardhi, yeye atakula nini? Moshi?"

Tumefanya kazi hivyo, migongo kwa migongo, mchana wote. Yeye anauambia mgomba, mimi nachimba shimo. Kasema bwana shamba yuko sawa, takataka zitoke kwenye shina. Lakini ziende shimoni, si motoni. Vigogo nivipasue virefu nivianike, vikikauka fukusi hana pa kuzalia. Vingine vyote shimoni, tabaka juu ya tabaka. Nyasi, maganda, majani ya maharage, majivu kidogo, samadi nikaombe kwa jirani mwenye ng'ombe. Juu nifunike na majani ya mgomba. Litapata joto lenyewe kama ndizi zilizovundikwa. Likipoa, likawa jeusi, likanuka kama msitu, hapo ndiyo mboji. Niizungushe mbali na shina, mbali ya kutosha kuku apite katikati asiguse mahali popote. Ardhi iliyolishwa hivyo, kasema, inakunywa mvua. Haiitemi mtoni. Na kiangazi kikija mizizi ina cha kunyonya.

Akafukua kwa jembe pembeni ya kaburi, mahali Koku alipomwaga mboji mara ya mwisho. Alipokwenda kunawa nikaenda kuona. Udongo mweusi, mlaini, nyungunyungu wamejaa. Pale penye kazi yangu mimi, jembe linalia.

Nikafurahi kidogo. Nikasema nimepona.

Halafu akarudi, akaangalia shimo, akauambia mgomba shimo hili lina njaa. Mbichi peke yake zinachelewa kuoza. Linataka nyasi kuukuu, zilizokanyagwa, za ndani ya nyumba.

Hapo nikaacha jembe.

Nyumba zetu tunatandika nyasi chini. Zikichakaa zinatolewa, zinakwenda kibanjani, zinaletwa nyingine. Ndani mwangu zimo alizotandika Koku kabla hajaugua. Tangu afe mimi natupia nyingine juu, zake sijagusa. Najua zimeoza. Wageni wanakunja pua, wananyamaza. Mimi nalala juu yake, basi.

Nikauambia mgomba hizo haziwezekani. Nitatafuta kwa jirani.

Nikasikia anaweka jembe lake chini.

"Mwanangu," akasema. Hapo hakuwa anaongea na mgomba. Hakugeuka, lakini ilikuwa ni mimi. "Nyasi zinatandikwa ili zitoke."

Akachukua jembe lake akaenda zake. Sikumwona uso.

Nimezitoa mwenyewe. Nimeanza na zangu za juu, zikatoka rahisi. Halafu zake. Za chini kabisa hazikuwa nyasi tena. Nilipozishika zilikuwa udongo, mweusi uleule wa pale kaburini. Muda wote huu nimelalia mboji na migomba inakufa nje.

Nimezibeba kwenye kikapu chake. Safari ya mwisho nilimwambia Koku neno. Siliandiki.

Sasa jua linazama. Shimo limejaa, limefunikwa. Mashina yako wazi, vigogo vimepasuliwa. Sikuchoma. Kaka kesho atatafuta kibanja kilichofagiwa, atakuta shimo linalonuka na mtu mchafu. Mboji inataka miezi. Yeye sijui kama ana miezi ya kunipa. Nitamwambia achimbe kwanza pale pembeni ya kaburi, kisha achimbe kwa majirani wa juu, kisha aseme. Akikataa, sina lingine. Akikubali, bado fukusi wamo, na migomba mingine itaanguka mbele ya macho yake.

Naogopa. Siwezi kuandika vingine.

Nyumba imekuwa kubwa. Mguu ukikanyaga unasikika. Leo nalala kwenye udongo mtupu.

Kesho kabla ya kengele ya kanisa nitakuwa rweya na mundu. Acha wacheke. Kaka hawezi kuingia ndani akute sakafu hivi.

Lakini Koku alikuwa anaanza kutandika wapi, mlangoni au ukutani?