Miaka Miwili ya Yokohama

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Burhani kaamua. Oktoba anakwenda Nagoya, siku saba, kutafuta injini za magari mwenyewe. Kachoka kununua kwa picha za WhatsApp. Bosi akishasema, limekwisha.

Asubuhi katukusanya wote pale yadi, Troyeville, hapa Joburg, akasema anakwenda na mtu mmoja tu. Nikajua ni Adamu. Miaka tisa Adamu ndiye anayeandikiana na wauzaji wa Japani. Namba za injini anazijua kama Yasini.

Burhani akaninyooshea kidole mimi. Mjapani ndiye atanipeleka, kasema, huyu kaishi kule.

Watu wakapiga makofi. Adamu naye kapiga.

Sijawahi kufika Japani. Sina pengine pa kuliandika hili ila hapa. Sijawahi kufika!

Jumanne, 5 Agosti

Lilianza hivi. Mwaka 2013, nina wiki mbili tu Joburg, nikaenda kuomba kazi kwa Burhani. Mbele yangu alikuwa fundi mwenye vyeti, bahasha nzima. Mimi nimejifunza kwa mjomba, mtaa wa Gerezani kule nyumbani, chini ya turubai. Burhani akaniuliza ufundi nimeupata wapi. Nikasema Yokohama, miaka miwili. Limenitoka tu! Yule wa vyeti akarudi na bahasha yake.

Halafu watu wakataka hadithi. Nikawapa. Theluji hadi magotini. Bibi mwenye nyumba, akiniletea machungwa mlangoni kila Jumapili. Hata jina nikaacha kuitwa — Abdulrahman hakuna anayemjua pale yadi. Ni Mjapani.

Nilipomposa Nasra, baba yake alisema kwenye simu kutoka Tanga kwamba binti yake anaolewa na mtu aliyeiona dunia. Nikanyamaza. Kunyamaza nako ni kusema.

Alhamisi, 7 Agosti

Burhani anataka bajeti kufikia Jumamosi. Bando zima la data limeisha kwenye YouTube. Vijana wa Kizungu wanazunguka Nagoya na kamera, mimi nasimamisha video ninakili bei kwenye daftari.

Tiketi randi 21,500. Hoteli, usiku sita, 5,700 — chumba cha kugeuka tu. Chakula 2,500, tukijibana. Nyama ya halali sijui tutaipata wapi. Burhani kasema, kwani wewe ulikuwa unakula nini kule? Nikasema samaki.

Adamu kapitisha jicho, kaniuliza kwa upole: na treni? Uwanja wa ndege uko mbali na mji, Mjapani, umesahau?

Nikacheka. Nikasema eish, siku nyingi. Kachukua kalamu kaniandikia yeye mwenyewe: treni na basi, 1,800. Kumbe kashapiga hesabu zamani, ana daftari lake. Jumla 31,500 kwa kichwa. Watu wawili, 63,000.

Watu wawili. Yeye ndiye kaijumlisha.

Jumapili, 10 Agosti

Nasra kashuka Yeoville sokoni, karudi na doti ya khanga. Nzuri, nyekundu na nyeupe. Nikadhani yake. Kasema ni ya bibi. Bibi yupi? Bibi yako wa machungwa, Baba Ummi! Kama yu hai, usiende mikono mitupu.

Kaikunja, kaitia kwenye begi langu. Nikasema ahsante. Nikaenda kuosha uso, na uso ulikuwa safi.

Jumanne, 12 Agosti

Fomu za viza. Burhani kaziprinti, tukakaa ofisini kujaza. Jina, kazi, pasipoti. Halafu mstari mmoja: tarehe ulizowahi kukaa Japani, na kwa muda gani.

Nikasema pasipoti ya zamani ilipotea, tarehe sizikumbuki, nitamalizia nyumbani. Nikajikunyata kitini. Burhani kaniona, kadhani ni baridi. Kanisogezea hita.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia Nasra. Ummi alikuwa shule. Nilisema huku nikitazama sinki.

Kauliza: na theluji? Hakuna. Na bibi? Nasra, hakuna bibi.

Kaenda kuitoa khanga begini. Hakupiga kelele, ningetamani apige. Kasema, "Miaka kumi na moja nawahadithia watu." Ni hilo tu. Ndipo nilipoona kwamba nimemfanya na yeye mwongo, bila kumuuliza.

Baadaye, jikoni: "Kamwambie Burhani. Baba yangu niachie mimi."

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya swala nilipanda gari la Burhani. Kwenye robot ya kwanza, taa nyekundu, nikasema yote. Gerezani, turubai, mjomba. Nilisema mchukue Adamu, bosi, safari ni haki yake.

Taa ikawa kijani, hakwenda. Nyuma wanapiga honi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Basi liishie hapo."

Kumbe wapo wenye maduka watatu, Diepsloot, wameshampa fedha awanunulie injini. Wamempa kwa kuambiwa anakwenda na mtu aliyeishi Japani. Nikiwaambia leo Mjapani wangu ni wa Gerezani, kasema, kesho watakuwa mlangoni wanadai fedha zao. Adamu hawamjui. Fomu jaza ukweli, wao hawaioni. Mengine utajifunza, simu unayo.

Nilijiandaa kwa kofi. Kofi lingekuwa nafuu. Na nitasema yote hapa — niliposhuka, kifua kilikuwa chepesi. Nilifurahi! Nimeungama na safari bado ninayo. Mtu gani mimi?

Jumamosi, 16 Agosti

Saa nne asubuhi. Adamu yuko sebuleni. Kaja kwa miguu na koti lake zito, jipya, lebo bado inaning'inia. Kasema nilivae mimi, Oktoba kule baridi inaanza, wewe unajua.

Ana ombi moja. Yupo muuzaji, Morita, wameandikiana miaka tisa na hawajaonana. Anataka kujirekodi akimshukuru kwa Kijapani, mimi nikamchezeshee rekodi hiyo kule. Nimfundishe kutamka.

Nikasema ngoja nivae shati. Shati nimevaa zamani; niko chumbani, naandika.

Nasra kaingia chumbani. Ama kamfundishe, kaninong'oneza, ama kamwambie, lakini usimweke mtu na chai inapoa. Katoka, kafunga mlango.

Burhani kasema liishie hapo. Kazi yangu, kodi ya hivi vyumba viwili, shule ya Ummi —

Anajifunza mwenyewe. Namsikia ukutani. Arigato gozaimasu. Pole pole, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Anasema vizuri kunishinda.

Sasa ananiita. "Mjapani! Hivi ndivyo?"

Nimemjibu ndivyo. Kutoka huku huku, bila kufungua mlango.

Kaanza tena.