Mlenda wa watu wanne

Ruthu, upo? Mwenzio nimeaibika.

Leo tumemaliza mtihani wa mwisho. Nikasema mwaka wa kwanza umeisha, ngoja nisonge ugali, nipike na ule mlenda mama alionitumia kutoka Mlali, tule wote wanne tunaolala chumba hiki cha hosteli. Nikasubiri. Unanijua, siwezi kuanza kula wenzangu hawajafika.

Nikampigia Salma, mmoja wao. "Hilda, tuko mjini tunakula kuku. Kwani hukuona kwenye grupu?"

Grupu gani?

"La chumba."

La chumba, Ruthu! Chumba ninacholala mimi! Mwaka mzima!

Eti, "Basi ngoja nikuunge."

Kaniunga kweli. Ujumbe wa kwanza kuuona: "Jamani, Hilda yumo humu."

Tangu hapo hakuna aliyeandika kitu. Ugali umepoa, na bado sijanawa.